Kioo Kilichokaa Kizima

Bila kumjua Almasi hamtanielewa, kwa hiyo naanza na yeye, nyumba itafuata.

Almasi ndiye fundi mkuu kwenye karakana ya baba yangu. Tunakata vioo: vya madirisha, vya makabati, vya kujitazamia. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia. Anaitwa Almasi kwa sababu ya kile kikalamu chenye ncha ya almasi cha kukatia kioo, ambacho hakibanduki nyuma ya sikio lake hata akienda msibani. Na ana ugonjwa mmoja, sijui kama niuite ugonjwa: hawezi kupita penye kioo kilichovunjika akakiacha. Akikaa kwa kinyozi akaona kioo kimemeguka kona, kesho yake anarudi na kipande alichokikata kwa kukadiria kwa macho tu, anakibandika, haulizi mtu, hangoji asante, anaondoka. Dirisha la choo la muuza dawa, jirani yetu wa ukuta mmoja, alilibadilisha na mwenye choo hajui mpaka leo. Baba alikuwa anasema Almasi akifa tumzike na gundi yake, maana hata kaburini ataona kitu cha kurekebisha.

Tulikuwa tunacheka, jamani.

Sasa tetemeko. Mimi lile nalikumbuka kwa sikio. Nilikuwa kwenye ngazi, kati ya karakana iliyoko chini na nyumba yetu iliyoko juu, simu mkononi, namtumia rafiki yangu video ya kuchekesha. Kabla sakafu haijacheza, vioo viliimba. Karakana nzima, kuanzia vile vikubwa vilivyoegemezwa kwenye stendi mpaka vipande vya kwenye pipa la takataka, vikatoa sauti moja nyembamba, kama ukizungusha kidole chenye maji kwenye mdomo wa glasi. Nikajiuliza hii nini. Halafu ngazi ikanitupa. Kilichofuata mnaweza kukisikia wenyewe, karakana ya vioo ikimwagwa chini kama kokoto kutoka kwenye lori. Baba alitoka mikono ikivuja damu. Bibi, mama yake Baba, tulimkuta juu kitandani kwake, shuka limejaa lipu iliyobanduka darini, ananiuliza nimevunja nini tena.

Tukahamia kwenye mahema, uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara, sisi na nusu ya mtaa. Almasi yeye akaondoka siku hiyohiyo kwenda kwao kuangalia kama wazazi wake wako salama. Hilo mlikumbuke.

Mvua ikaanza. Bibi ana nyonga isiyokunjika vizuri na kifua cha kuhurumiwa, na godoro letu likawa linanyonya maji kutoka chini kama utambi. Kila siku alikula kidogo kuliko jana yake. Daktari mmoja aliyekuwa anapitapita akamvuta Baba pembeni, na mimi nikajisogeza, akasema huyu mama tetemeko halijamuua ila hema hili litamuua. Anahitaji kitanda kikavu na paa. Tangu hapo Baba akawa hakai bila kuitazama nyumba yetu. Si ile pale, imesimama.

Vitetemeko vidogo viliendelea. Watu wakaviita watoto wa lile kubwa. Unasikia mtu anasema, mtoto wake huyo kapita, anaendelea kunywa chai, ila kikombe kinamtetemeka mkononi hata baada ya ardhi kutulia. Na simu nazo hazikutupumzisha. Kwenye grupu la mtaa kuna mwanaume mmoja mwenye sauti nzito, hakuna anayemjua, sisi tulimwita Mtabiri. Alituma ujumbe wa sauti kwamba lile lilikuwa salamu tu, lenyewe linakuja Ijumaa. Ijumaa tulikaa wote katikati ya uwanja tumeshikana, wengine wamebeba mpaka majiko. Halikuja. Jumamosi akatuma mwingine: alimaanisha Ijumaa ya mbele. Bibi akaniomba nimwandikie huyo bwana, nimuulize yeye mwenyewe analala wapi. Nilimwandikia. Hakujibu.

Ndipo Mkaguzi akaja. Alikuwa dada mmoja wa kukagua majengo, kofia ya plastiki imemzidi kichwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaingia karakana, akagonga kuta, akasimama kwenye ukuta wa nyuma. Pale palikuwa na ufa umeanzia chini karibu na stendi ya vioo, ukapanda mpaka darini, ukatokezea juu chumbani kwa Bibi kwenye kichwa cha kitanda. Haukuwa mpana. Kucha ilikuwa haipiti.

Akaomba kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu lile jambo, maana kuja kuomba kioo kwetu ni kama kwenda kisimani kuomba maji. Akamkatia. Mkaguzi akakilaza juu ya ufa kama daraja, mguu mmoja upande huu, mguu mwingine upande ule, akakibandika ncha zote mbili kwa plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukakauka, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu nene. Akatueleza polepole, kama mtu aliyeshaeleza nyumba nyingi, kwamba kioo hakijui kunyooka wala kuvutika. Pande mbili za ukuta zikisogea hata kwa upana wa unywele, kitapasuka. Kikikaa kizima mpaka atakaporudi, basi ukuta umetulia, na mgonjwa wetu anaweza kurudi kitandani kwake.

Baba akamuuliza kuhusu Ijumaa.

"Tetemeko linakuja lini mimi sijui, na anayewaambia anajua anawadanganya," Mkaguzi akasema. "Lakini ukuta huu nikiuuliza habari zake, utaniambia. Kikipasuka hiki, msinipigie simu. Tokeni kwanza, ndio mnipigie."

Mimi nikapewa kazi: kila asubuhi nipige picha ya kile kioo, nimtumie. Kazi ya simu, nani mwingine angepewa?

Asubuhi ya kwanza nikavuka barabara, nikakuta mlango wa karakana uko wazi na Almasi amesharudi. Wazazi wake wazima. Amefagia, amepanga vifaa, anapiga mluzi. Akaniita Kamera kama kawaida yake, akaniuliza Bibi anaendeleaje. Nikapiga picha yangu. Kioo kizima, tarehe inasomeka vizuri. Nikatuma, Mkaguzi akarudisha kidole gumba.

Asubuhi iliyofuata kizima. Na iliyofuata. Nikawa naingia mbio, napiga, natoka, maana sikupenda kukaa mle ndani. Baba alikuwa hapatikani kutwa, anazunguka na futi kamba kupima madirisha. Mji mzima ulikuwa unataka vioo. Zahanati peke yake iliagiza madirisha yote ya wodi, na Almasi alikuwa anayakata na kuyaegemeza pale kwenye stendi, mbele ya ukuta uleule.

Mkaguzi alirudi, Almasi akiwa ametoka kununua gundi, akainama, akakitazama kile kioo, akapitisha kidole juu yake. Akasema ukuta umetulia, tuendelee kupiga picha, na Bibi anaweza kurudi. Baba alimbusu mkono yule dada, na Baba si mtu wa kubusu mikono.

Tulimpandisha Bibi mchana. Akagusa mto wake, akagusa meza yake, akaniambia nifungue dirisha aone wale wa kwenye mahema, nao waone yeye yuko wapi. Siku ile alikula akaongeza. Kikohozi kikaanza kulegea. Na ni yeye aliyesema, mbele yetu sote, kwamba kwenye hema harudi tena, atakayemtaka hemani ambebe akiwa maiti.

Basi tukaishi. Ila kulikuwa na vitu.

Mlango wa chumba cha Bibi ukaanza kugoma kufunga. Baba akaupiga randa, ukafunga, baada ya siku chache ukagoma tena. Kila asubuhi nilikuta unga mweupe sakafuni chini ya ukuta, mstari mwembamba kama mtu amemwaga chumvi, nafagia, kesho yake uko. Mara nyingine alasiri, hakuna gari barabarani, hakuna mtoto wa tetemeko aliyepita, naketi kwenye ngazi na simu yangu nasikia vioo vya zahanati vinaimba. Kwa chini sana. Nazima data, nasikiliza, vimenyamaza. Nashuka nakitazama kile kioo cha ukutani. Kizima. Najiambia, sasa unaogopa nini, kioo si hicho hapo? Bibi naye usiku alisikia kitu kinakwaruza nyuma ya kitanda, akasema ni panya. Baba akaweka mtego. Hatukunasa panya.

Na kila nilipomwambia Baba, jibu lilikuwa moja: kioo kinasemaje? Nami namwonyesha picha.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Asubuhi, saa ya chai, Baba amerudi kuchukua madirisha ya zahanati, mimi nimeshusha chai na mkate, tumeketi watatu kwenye meza ya kukatia. Bibi yuko juu, tunamsikia anajikohoza kidogo. Almasi akachovya mkate, akamuuliza Baba, kama mtu anayeulizia kitu ambacho hakimkeri sana:

"Bosi, ile plasta uliyobandikia kile kioo kidogo uliitoa wapi?"

"Kioo kipi?"

"Cha ukutani kule nyuma. Sijui ni oda ya nani. Kinapasuka tu. Nakibadilisha, nakibadilisha, mpaka nimechoka. Cha leo nimekikata kinene kidogo, labda kitadumu."

Baba aliweka kikombe chini. Alikiweka taratibu mno, kama kimejaa mpaka mdomoni, na hakikuwa kimejaa.

Akamuuliza tangu lini. Almasi akasema tangu aliporudi kutoka kwao. Siku ile ya kwanza kabisa alifungua karakana mapema, akafagia, akakuta kimepasuka katikati, akaona bosi ana mambo mengi, ngoja amsaidie. Baba akamuuliza, na ile tarehe? Almasi akasema ah, maandishi aliyaiga vilevile, mkunjo kwa mkunjo, si alijua ni kazi ya mtu. Na akaongeza, masikini, kwa fahari kidogo, kwamba ukiviweka pamoja huwezi kujua kipi cha kwanza.

Na kweli. Mimi nilikuwa nimeshafungua simu, nazipitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Ni kioo kilekile, tarehe ileile, asubuhi ileile inajirudia.

Baba akauliza vile vya zamani viko wapi. Almasi akaenda kwenye pipa la vipande, akainama, akachambua, akarudi na kiganja kimejaa. Akavipanga mezani kati ya vikombe. Vyote vimekatika palepale, katikati. Hapo ndipo uso wake ulipoanza kubadilika, maana alikuwa anatutazama na sisi hatumtazami yeye, tunatazama mezani.

"Kamera," akaniambia, "nimefanya nini?"

Nikamweleza. Maneno machache tu. Sikumwona akikaa, ila nilipomaliza alikuwa ameketi sakafuni.

Mngedhani Baba angepanda ngazi palepale. Hakupanda. Alitaka kuhakikisha, au alitaka isiwe kweli, sijui. Akakata kipande chembamba kuliko vyote nilivyowahi kumwona akikata, akaenda nyuma, akakibandua kile kinene cha Almasi, akabandika chake kwa plasta ya haraka. Tukasimama watatu mbele ya ukuta. Plasta ikapoteza ung'aavu, ikawa nyeupe, ikakauka. Nje kuna mtu anauza vocha, namsikia anabishana na mteja. Chai yangu niliishika mkononi, naitazama, imetulia kama kioo cha meza. Hakuna kilichotetemeka. Naapa hakuna.

Tik.

Kasauti kadogo tu, kama mtu amevunja kijiti cha meno. Mstari ukapita katikati.

Tulimkuta Bibi ameketi kitandani, kichwa chake shibiri moja kutoka kwenye ufa, anasuka nywele zake. Baba akapiga magoti. Akamwambia Mama, tunatoka, sasa hivi. Bibi akauliza kwa nini. Akasema hemani harudi, alishasema, na wote tulimsikia. Na kioo si kizima? Si sisi wenyewe tuliomwambia kiko kizima?

Baba akamwambia hakikuwa kizima. Ni Almasi.

Bibi akamtazama Almasi, ambaye alikuwa mlangoni, macho chini, mablanketi ya kufungia vioo mikononi.

"Ulikuwa unakibadilisha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri?"

"Vizuri, Bibi."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, mpaka Baba akamshika mgongo. Mimi sikuona cha kuchekesha, nilikuwa nautazama ule ufa, na kucha yangu sasa ingepita, na kidole pengine.

"Basi nibebe wewe," akamwambia Almasi. "Na uangalie. Ukiniangusha mimi, huna pa kukatia mwingine."

Walimfunga kwenye mablanketi, wakamlaza kwenye ule ubao wa kubebea vioo vikubwa, wakamkaza kwa mikanda. Watu wa vioo wana namna yao ya kutembea wakibeba: miguu haiinuki sana, mgongo haugeuki, na wa mbele anaita njia nzima ili watu wapishe. Almasi akawa mbele, anashuka kinyumenyume. Na mdomo wake ukafuata kazi, bila yeye kujua.

"Kioo kinapita," akawa anasema kwenye ngazi. "Kioo. Kioo kinapita."

Watu barabarani wakapisha, wakageuka kutazama ni kioo gani, wakamwona Bibi. Mimi nilishakimbilia kwa muuza dawa kumwambia atoe watu wake. Alitoka analalamika kwamba ameacha duka wazi.

Tulipomweka Bibi ng'ambo, kwenye kiti cha kukunja pembeni ya uwanja, Baba akageuka kuitazama karakana. Nikajua anawaza nini. Madirisha ya wodi nzima, yamekamilika, yameegemea palepale. Akasema anaingia mara moja tu, anachomoa, anatoka. Almasi akasema aende yeye. Wakaanza kubishana nani aende, na wote wawili miguu yao imeshaanza kuvuka.

Bibi akainuka. Kwa nyonga ile. Akashika bega langu, akapiga hatua moja kuelekea barabarani.

"Bibi, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Namsindikiza mwanangu," akasema. "Hawezi kwenda huko peke yake."

Akapiga hatua ya pili. Baba alisimama katikati ya barabara, akamtazama mama yake. Kisha akarudi, akamketisha, na madirisha hakuyataja tena.

Mkaguzi alikuja, akavihesabu vile vipande kwenye kiganja cha Almasi, kimoja kimoja. Akapiga rangi nyekundu mlangoni kwetu na kwa muuza dawa. Ijumaa nyingine tena ya Mtabiri ikaja, ikapita. Nyumba imesimama. Watu wakaanza kutucheka, wakasema tumefukuzwa na kipande cha kioo. Hata mimi nikaanza kuona pengine wana haki.

Ilianguka Jumanne mchana, jua limewaka, ardhi imelala fofofo. Ukuta wa nyuma ulikunja magoti kama mtu aliyechoka kusimama, na chumba cha Bibi kikashuka kizimakizima mpaka karakana. Kabla haujaanguka vioo viliimba, na safari hii sikuwa peke yangu niliyesikia. Almasi alikuwa ameketi karibu nami. Aliziba masikio.

Siku hizi karakana ni kibanda cha mabati pembeni ya uwanja, na madirisha ya zahanati tumeyakata upya. Bibi tumemhamishia kwa shangazi, mtaa wa juu, chumba kikavu, analala vizuri. Na Mkaguzi hana kipande anachobandika mjini ambacho hakikukatwa na Almasi. Kila kimoja anakikwaruza kwa ile almasi yake, michoro ya haraka akiwa amefumba macho, ili hata yeye mwenyewe asiweze kuiiga. Kwa shangazi ukutani kulikuwa na ufa wa unywele, na Bibi alikataa kulala mpaka Almasi abandike kimoja pale, karibu na mto. Picha napiga mimi.

Almasi ameacha mluzi. Na akipita penye kioo kilichovunjika, popote, kwa kinyozi, dukani, anarudisha mikono yake nyuma na kuishikanisha, anasimama kidogo, anaondoka.

Leo asubuhi alipita kumsalimia Bibi kabla ya kazi. Bibi alikuwa bado amelala, mimi niko jikoni na simu yangu. Nikaona kimya kimezidi, nikachungulia. Almasi amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, mmoja umeukamata mwingine kwenye kifundo kwa nguvu. Alinigeukia tu, akaniashiria kwa kichwa nisogee nione mwenyewe.

Mstari mmoja, mwembamba, umepita katikati ya michoro yake.

Nikatia simu mfukoni, nikainama kumwamsha Bibi. Nyuma yangu nikamsikia Almasi anavuta mablanketi kabatini, anamwambia shangazi aliyekuwa ukumbini, kwa sauti ya chini kabisa, apishe njia, kioo kinapita.